Kosa Linalogawanywa kwa Kumi

Sanduku lilishuka stesheni ya Tabora Oktoba 2011, mwaka ule wa mgawo wa umeme, likiwa limepigwa mbao na kufungwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na pantografu ya mezani ya kuchonga maandishi, kilo 38 pamoja na mota yake; boksi la herufi mama za shaba ya njano, yaani herufi za mfano zenye mfereji wa kufuatisha, kila moja kimo cha milimita 20; ncha tisa za kukatia na ncha moja ya almasi. Kibamba cha jina la mtengenezaji kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu manne ya riveti. Mashine ya kuchonga vibamba vya majina, yenyewe haina jina. Tulicheka, kisha tukaanza kuhesabu skrubu.

Duka letu la saa lilikuwa Kanyenye, upana wake mita tatu na nusu. Kazi zilikuwa betri, vioo, mikanda, na saa chache za kujaza ambazo wazee hawakutaka kuachana nazo. Tabora ni mji wa shule na wa reli, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka watu walikuja kuulizia maandishi kwenye vikombe vya michezo na saa za wastaafu, na kila mwaka tuliwaelekeza Mwanza au Dar. Mashine ilinunuliwa kwa sababu hiyo tu.

Swali la kwanza lilikuwa iwekwe wapi. Meza ya fundi saa haipatani na mashine ya kuchonga. Chenga za shaba ni nyepesi, zinarushwa na ncha inayozunguka, na chenga moja ikiingia kwenye meno ya gurudumu la saa ya mkono, saa inasimama na utatafuta sababu siku nzima. Mota nayo ina sumaku: saa ikilazwa karibu nayo, springi nyembamba ya balansi inaweza kushika usumaku, mizunguko yake ikagandana, saa ikaanza kukimbia mbele. Basi mashine ilikwenda ukuta wa nyuma, zaidi ya mita mbili kutoka meza ya saa, pazia la turubai katikati. Tukawa tunapitisha dira ndogo juu ya kila saa iliyolala dukani. Sindano ikicheza, saa ile inatolewa usumaku kwanza. Meza ilitengenezwa kwa mninga, ubao wa unene wa sentimita tano. Mninga ukikauka vizuri haupindi, na uzito wake unameza mtetemo.

Pantografu ni rula nne zilizounganishwa kwa beringi zikawa msambamba. Kifaa chenyewe ni cha kale. Christoph Scheiner, padri Mjerumani, alikibuni 1603 kwa ajili ya kunakili michoro. Upande mmoja kuna kalamu butu inayofuata mfereji wa herufi mama, upande mwingine kuna ncha inayochonga, na mahali pengine egemeo lisilosogea. Vitu hivyo vitatu, egemeo, ncha na kalamu, lazima vikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ndiyo maana kuna vipimo viwili vya uwiano kwenye rula mbili tofauti, na vyote viwili lazima visome namba moja. Kimoja kikisoma 10 na kingine kikiwa 10 na kidogo, herufi inalala upande kama mtu aliyeegemea ukuta.

Yetu ililala. Tuliweka uwiano wa 10, tukafuata mraba wa milimita 100 kwa ncha ya almasi juu ya kipande cha shaba, tukitarajia mraba wa milimita 10. Pande zilikuwa 10.0 na 9.7, na mishazari haikulingana. Tulikuwa tumepanga namba kwa jicho, na mstari wa kipimo cha pili ulikuwa unasomwa kwenye ukingo usio wake. Tulilegeza nati, tukapima kwa venia, kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita, badala ya kuamini jicho, tukarudia mpaka mishazari yote miwili ikatoa 14.1. Kupima pande peke yake hakutoshi: umbo lililolala linaweza kuwa na pande nne sawa kabisa. Mshazari hausemi uongo.

Hapo ndipo tulipoielewa mashine. Mkono ukitetemeka nusu milimita kwenye herufi mama, juu ya saa kosa hilo linakuwa milimita 0.05. Uwiano unalila. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuandika vizuri, hata kama mwandiko wake ni wa kuku. Lakini kosa lililo upande wa ncha haligawanywi na kitu. Likiwa 0.1 linabaki 0.1, na kwenye herufi ya milimita 2 kila mtu analiona.

Na upande wa ncha ulikuwa na makosa matatu.

Kwanza, spindeli, mhimili unaoshika na kuzungusha ncha, ilikuwa inacheza. Tuliisukuma kwa kidole huku geji imegusa pembeni yake, sindano ikasogea 0.08. Nati ya kukaza beringi ilikuwa imelegea. Inakazwa robo ya robo ya mzunguko, unajaribu, unakaza tena, mpaka mchezo unaisha na spindeli bado inazunguka kwa kidole bila kukwama. Baada ya hapo inaendeshwa dakika kumi, halafu unashika nyumba ya beringi: ikiwa haishikiki kwa joto, umekaza mno.

Pili, ncha zenyewe. Tano zilikuwa na shina la milimita 4.36, kipimo kinachoonekana cha ajabu mpaka ujue kuwa ni inchi 11/64. Nne zilikuwa na shina la milimita 4 kamili, za mashine nyingine, zimechanganywa tu. Tukazivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili zibane. Zilibana, lakini hazikukaa katikati. Ncha yenye bapa la 0.2 ilichonga mstari wa 0.5, maana ilikuwa inazunguka 0.15 nje ya kitovu, na hiyo 0.15 inahesabika pande zote mbili. Tuliziweka kando hizo nne, hatukuzigusa tena.

Tatu, mkanda. Aliyekuwa na mashine kabla yetu alifunga mkanda wa ngozi wa cherehani, ule wenye pini ya waya kwenye maungio. Kwa cherehani ni mzuri sana. Kwa spindeli, kila pini inapopita kwenye puli kunakuwa na mshtuko, na chini ya lenzi mfereji ulikuwa na vijikunjo vidogo vinavyofuatana kwa umbali sawa, kama nyayo. Vijikunjo vyenye umbali sawa maana yake ni kitu kinachozunguka. Ukiona hivyo usihangaike kunoa ncha. Tuliagiza mkanda wa mviringo wa plastiki, ule unaoungwa kwa moto: unapasha kisu, unagusisha ncha zote mbili za mkanda, unatoa kisu, unazibana pamoja dakika moja, kisha unakata kwa wembe nyama iliyojitokeza.

Kabla mkanda haujafika, kazi iliingia. Tarishi wa ofisi moja alileta saa sita za wastaafu wa reli na saa moja ya ukutani.

“Fundi, sherehe ni Jumamosi saa nane mchana. Mzee kasema maandishi yasomeke bila miwani.”

Ilikuwa Jumatano. Umeme ulikuwa unakatwa asubuhi na kurudi usiku, siku nyingine haurudi.

Almasi ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu almasi haizungushwi. Inashushwa juu ya chuma kwa springi, inaburutwa, inaacha mstari unaong'aa wa kama milimita 0.1. Haihitaji mota wala mkanda. Tena kwa stenlesi ni afadhali kuliko ncha ya kuzunguka, ambayo hukatika ncha yake nyembamba usipokuwa na mafuta na mwendo sahihi. Mifuniko mingi ya saa ina mbinuko kidogo. Springi ya almasi inapanda na kushuka nao. Ncha iliyokazwa bila springi ingechimba katikati na kukwaruza hewa pembeni.

Maandishi yalikuwa KUMBUKUMBU YA, chini yake UTUMISHI, chini yake mwaka. Sehemu bapa ya mfuniko ilikuwa na kipenyo cha milimita 26. Mstari wa kwanza ulitakiwa ukae milimita 6 juu ya kitovu, na hapo duara halina tena 26. Lina 23 tu. Herufi mama zikipangwa, mstari ulikuwa na urefu wa milimita 195. Kwa uwiano wa 8 ingekuwa 24.4, herufi za mwanzo na mwisho zingeanguka nje. Kwa uwiano wa 10 ni 19.5, herufi zenye kimo cha milimita 2. Ikawa 10.

Halafu U. Boksi lilikuwa na herufi tatu tatu, isipokuwa A na E zilizokuwa tano. Aliyelipanga hakuwa na Kiswahili kichwani: KUMBUKUMBU ina U nne. Tulikata kibao cha mninga chenye upana wa U, tukakiweka mahali pa U ya nne ili mstari usisogee, tukachonga zote, kisha tukaichomoa U ya kwanza na kuibadilishana na kibao. Kibao kilikuwa kipana kuliko U kwa milimita 0.4. Hiyo iko upande wa kalamu, imegawanywa kwa kumi, hakuna jicho litakaloiona.

Kushika mfuniko ni nusu ya kazi. Kwanza unatolewa kwenye saa. Kuchonga saa ikiwa na mashine yake ndani ni kuitakia mabaya. Tulitengeneza vigingi vya mninga vya duara, tukayeyusha lakiri, ile nta ngumu ya kupigia mihuri, juu ya taa ya spiriti, tukajaza shimo la ndani la mfuniko na kuukandamiza juu ya kigingi mpaka ikapoa. Lakiri lazima ijae, isiache hewa, la sivyo bati jembamba linabonyea chini ya almasi na alama ya herufi inatokea upande wa pili. Ukimaliza, gonga kidogo ikiwa baridi, inaachia. Mabaki yanasafishwa kwa spiriti. Na usisugue ndani kwa msasa, maana ndani ya mfuniko ndiko mafundi waliotangulia walikokwaruza alama na tarehe zao. Ni daftari la saa hiyo.

Saa mbili zilikuwa za shaba iliyopakwa kromi, mifuniko ya kubana. Hizo zina kijipengo cha kupitisha mhimili wa taji, kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa, kwa hiyo mfuniko unarudi palepale siku zote. Tatizo lake ni jingine. Kromi ni nyembamba kuliko mstari wowote utakaouchora, herufi zinatokea za njano. Siku ya kwanza zinapendeza kama dhahabu. Jasho likiingia zinaanza kuwa kijani. Tulipaka vanishi, tukafuta juu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ikabaki ndani ya mifereji tu, na tukamwambia tarishi ukweli huo kabla hajalipa.

Nne zilikuwa za stenlesi, mifuniko ya skrubu. Ya kwanza tuliichonga vizuri kuliko zote, tukaweka gasketi, ule mpira wa kuzuia maji, tukakaza, tukageuza saa. KUMBUKUMBU ilikuwa imeinama kama digrii 40. Mfuniko wa skrubu hauna juu wala chini. Unasimama pale uzi unapoishia, na sisi tulikuwa tumeamua juu ni wapi ukiwa mezani.

Kijana mmoja dukani akashauri gasketi nene, ili mfuniko usimame mapema kidogo. Hesabu yake haikuwa mbaya: kama uzi una hatua ya nusu milimita, digrii 40 ni chini ya milimita 0.06. Lakini mpira hutulia kwa muda, na siku ukibadilishwa maandishi yatazunguka tena. Kuacha mfuniko haujakazwa ndiyo mbaya zaidi, maji yataingia. Tulifuta. Mstari wa almasi hauna kina kirefu: msasa namba 400 kwa maji, ukivuta upande mmoja tu, halafu 800, halafu 1200, na herufi zilitoweka. Ingekuwa ncha ya kuzunguka, kina cha 0.1, tungeomba radhi na kununua saa.

Kuanzia ile ya pili utaratibu ukawa huu: gasketi itakayobaki inapakwa grisi ya silikoni, mfuniko unakazwa mpaka mwisho, mstari wa wino unapigwa kutoka saa kumi na mbili hadi saa sita kwa kufuata masikio ya mkanda, ndipo mfuniko unafunguliwa. Wino unafutwa mwisho.

Kibamba cha saa ya ukutani kilichongwa Alhamisi usiku kwa ncha ya kuzunguka, kwa mkanda uleule wa cherehani, polepole, kwa sababu kwenye herufi za milimita 10 vijikunjo vinafichwa na rangi. Rangi tulijaza nta ya nyuki yenye masizi. Nta ni kitu cha Tabora, tukaona fahari. Asubuhi tulipofuta, kitambaa kilitoka cheusi na herufi zikapauka: joto la Oktoba chini ya bati huifanya nta kuwa laini kama samli muda mrefu kabla haijayeyuka. Tuliitoa kwa maji ya moto na brashi, tukayeyusha lakiri nyeusi kwenye mifereji, ikapoa, tukasawazisha kwa msasa uliofungwa kwenye kibao. Hiyo haikutoka.

Jumamosi umeme ulirudi saa tano asubuhi, tukiwa tunakaza mfuniko wa saa ya sita. Taa iliwaka juu ya meza. Mota hatukuiwasha.