Kucha zilizopakwa mafuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilifunga siku tatu kwa ajili ya ile kesi ya kiwanja chetu, mnaijua. Siku ya pili usiku nikajikuta nasema: "Bwana, nimefunga, nimekesha, Zaburi ya 35 nimeisoma mara saba. Sasa lazima ujibu." Lazima! Nikashtuka, nikanyamaza hapo hapo.

Kilichonishtua ni kwamba siku hizo nilikuwa nasoma habari za waita-pepo wa Ulaya ya zamani, wale waliosimama ndani ya duara lililochorwa chini na kuamuru pepo atokee. Nilitegemea kukuta wapagani wa mapangoni. Kumbe wengi walikuwa watu wa kanisani: mapadre, watawa, wanafunzi wa vyuo, maana ndio waliojua Kilatini. Kabla ya kuita walifunga, wakaungama, wakasoma Zaburi, kisha wakayataja majina matakatifu ya Mungu moja baada ya jingine ili pepo abanwe, atii. Na walitaka nini? Hazina iliyofichwa, mapenzi ya mwanamke fulani, kibali kwa wakubwa, kumjua mwizi. Si mambo mageni hata kwetu.

John wa Salisbury, Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa Chartres, aliandika mwaka 1159 yaliyompata utotoni. Alipelekwa kwa padri akafundishwe Zaburi. Padri yule akamkalisha pamoja na mvulana aliyemzidi umri kidogo, akawapaka mafuta matakatifu kwenye kucha, wakodolee macho kucha hizo na beseni lililosuguliwa likang'aa, waone yaliyofichika. Akataja majina yaliyomtisha mtoto. Mwenzake akasema anaona vivuli vivuli. John aliona kucha na beseni, basi. Tangu hapo akawa anafukuzwa kila kazi hiyo ilipoanza. Namshukuru Mungu kwa macho ya mtoto yule!

Wapendwa, mafuta yale yalitoka kanisani. Zaburi zilikuwa hizi hizi zetu. Wewe unayelala na chupa ya upako chini ya mto, uliyenunua chumvi ya kumwaga mlangoni kwa jirani, unamtumaini nani? Nasema nawe kwa upendo, na najisema mwenyewe kwanza. Wana wa Skewa, wale wa Matendo 19 waliojaribu kutoa pepo, nao walilitaja jina la Yesu, wakajibiwa na pepo, "Yesu namjua na Paulo namfahamu," wakatoka mbio uchi na majeraha. Jina walikuwa nalo mdomoni. Mwenye jina hawakumjua. Rudi kwa Baba, ndugu yangu. Mwombe kama mtoto anavyoomba chakula, hata ukilia, hata ukirudia ombi moja mwaka mzima. Hachoki nawe. Huhitaji kumtegea mtego wa siku tatu ili akusikilize. Alikuwa anakusikia kabla hujakosa mlo wa kwanza. Bwana mwenyewe kule Gethsemane, mwenye haki zote za kuamuru, alisema, "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke."

Nilitaka kusema pia juu ya mfalme Sauli na yule mwanamke mwita-pepo wa Endori, lakini someni wenyewe, 1 Samweli 28.

Alhamisi kesi imeahirishwa tena, hadi mwezi ujao. Ijumaa alfajiri niliomba kwa maneno machache sana. Mama watoto akachungulia mlangoni, akauliza kama bado nimefunga. Nikamwambia alete uji.