Kumbukumbu ya mradi: safu mbili za magamba zimeniangusha

Nimemaliza kuhesabu upya, na dai langu kwamba mijusi wa kileleni ni spishi ya peke yake limevunjwa na mkono uleule ulioliandika.

Hoja yangu kuu ilikuwa magamba ya mgongoni, yakihesabiwa kwa kukingama kutoka ubavu hadi ubavu: wa kileleni walionekana kuwazidi wa bondeni. Safari hii nilifunika lebo, nikachanganya chupa walimohifadhiwa mijusi, nikamhesabu kila mjusi mara tatu kwa siku tofauti. Balaa lote liko ubavuni. Pale punje ndogo za mgongo zinapokutana na magamba mapana ya tumbo hapana mpaka, bali safu moja au mbili za ukubwa wa kati. Na nilipozirejea karatasi zangu za zamani nilibaini kwamba safu hizo nilizihesabu kwa wa kileleni, nikaziacha kwa wa bondeni, kwa sababu makundi hayo niliyahesabu katika misimu miwili tofauti. Tofauti iliyosalia sasa ni ndogo kuliko ile niliyoipata nilipomhesabu mjusi mmoja mara tatu. Miezi yote hiyo nilikuwa nikijipima mwenyewe!

Tangu hapo nimeacha kuiamini lenzi kali: taa ndogo iliyolazwa pembeni, inayotupa kivuli kwenye ukingo wa kila gamba, inafaa kuliko kukuza mara arobaini.

DNA ya mitokondria (visehemu vya seli vinavyozalisha nishati) bado inawagawa pande mbili. Hata hivyo, hiyo hurithiwa kwa mama, na majike wasiohama mbali wanaweza kuacha mgawanyiko wa namna hiyo ilhali madume wanavuka; jeni za kiini cha seli, kwa upande wake, zimechanganyika. Programu yangu ya kutenganisha spishi iliwagawa palepale DNA ya mitokondria inapowagawa, jambo ambalo halinitulizi, kwani watafiti Sukumaran na Knowles walionesha mwaka 2017 kwamba njia hizo huweza kutenganisha makundi tu ndani ya spishi moja.

Nilipanga kuendelea na vipimo vya fuvu, lakini nimeviweka kando. Nilipotazama ramani jana niligundua kwamba sina hata mjusi mmoja kutoka mteremko wa kati, ambako mabadiliko ya polepole, kama yapo, yangeonekana. Lebo za chupa za huko zimekwisha andikwa: namba tu, bila jina la mahali.