Siku nzima Moshi: niliwafuata marafiki walipo

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipita Moshi bila kushuka. Basi la Arusha linaingia stendi, wachuuzi wanainua ndizi na maji ya kunywa mpaka dirishani, nachungulia upande wa mlima, kisha safari inaendelea. Safari hii niliamua Moshi iwe ndiyo mwisho wa safari. Siku nzima, asubuhi mpaka usiku, na kazi iwe moja tu: kuwaona watu niliokua nao.

Nilipowaambia wenzangu tuliosoma pamoja, wazo la kwanza lilikuwa tukutane hotelini, kila mtu atoe mchango, tule, tupige picha. Niliwashukuru nikakataa. Nimeshaona mikutano ya namna hiyo. Mwenye gari anafika mapema. Fundi ambaye Jumamosi ndiyo siku yake ya kupata riziki anatuma udhuru. Muuguzi yuko zamu. Aliyefiwa hana hamu ya muziki. Mnabaki wale ambao mngeonana hata bila mkutano, na wale uliowakosa kwelikweli hubaki majumbani kwao. Kwa hiyo nikawaambia: kila mtu akae kwenye shughuli yake, mimi ndiye mgeni, mimi ndiye nitakayetembea. Nilichoomba ni kujua tu nani atakuwa wapi na saa ngapi.

Nilikwenda kwa treni kutoka Dar es Salaam, na hilo nililichagua kwa makusudi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Tabora, akahamishiwa Moshi nikiwa mdogo. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na ikaishia hapo mpaka ilipoongezwa hadi Arusha mwaka 1929, kwa hiyo Moshi ina mizizi mirefu ya watu wa reli, na nyumba zetu zilijaa makabila ya kila upande: Wanyamwezi, Waha, Wazigua, Wapare. Baadaye treni ya abiria ilisimama, na kwa zaidi ya miaka 20 njia ile ikawa haina sauti ya watu. Iliporudi Desemba 2019, baba alikuwa hai bado. Aliitazama kwenye taarifa ya habari akiwa amesimama, na hakukaa mpaka habari ilipokwisha.

Ukisafiri na treni hii, lala mapema ili uamke mapema. Kunapopambazuka unakuwa ukanda wa Same na Mwanga, milima ya Upare iko kuume kwako, chini ni mkonge na vichaka vya miiba. Halafu unafika Kahe, mandhari inabadilika, kunakuwa kijani, na ukiwa na bahati Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inatokea mbele ikiwa wazi kabisa, theluji yake ikiwa na rangi ya waridi kwa jua la kwanza. Mawenzi, kilele mwenzake, iko kuume kwake, imechongoka vilevile. Tulipokuwa watoto tuliambiwa Mawenzi alizidi kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kiko vile. Nilisimama dirishani mpaka stesheni. Anayetaka kuuona mlima asingoje saa nne, maana kufikia muda huo mawingu huwa yameshajikusanya.

Nyumba za reli nilizipita kwa haraka. Nilisimama mbele ya ile iliyokuwa yetu, kukawa na watoto wanacheza, mama mmoja akanikaribisha kwa adabu, nikamshukuru nikaendelea. Sikuwa nimekwenda kutazama kuta.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa baraza moja karibu na soko kuu, ambako mafundi cherehani hukaa mbele ya maduka ya vitambaa, mteja ananunua ndani na kushonewa nje. Rafiki yangu yupo pale tangu tulipomaliza darasa la saba. Alijifunza kwa mjomba wake, mjomba akastaafu, akabaki na cherehani. Hata sijamfikia, alinyanyua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mnyamwezi! Umeongeza mabega."

Ndivyo alivyonisalimia baada ya muda wote huo. Hakusimama, maana alikuwa katikati ya mshono wa kola, na kola haikatizwi. Alisukuma stuli kwa mguu, nikakaa. Alipomaliza kola akanyanyuka, tukakumbatiana mpaka wateja wakacheka.

Nilikaa pale kwa muda wa karibu saa tatu, na nasema wazi kwamba hizo ndizo zilikuwa saa bora za mchana wangu. Alinipa mkasi mdogo na rundo la mashati ya shule yaliyokwisha kushonwa, kazi yangu ikawa kukata nyuzi zinazoning'inia. Nikakata. Mikono inapokuwa na kazi, mazungumzo hayalazimishwi. Mnanyamaza, mnaendelea, mnanyamaza tena, na hakuna anayejiona ana deni la kujaza ukimya. Alinihadithia kuhusu mke wake aliyeugua na kupona, kuhusu binti yake anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika, pale pale Moshi, kuhusu bei ya uzi. Akaniuliza baba alifariki vipi. Nikamweleza yote, na wakati namweleza alikuwa anakanyaga pedali taratibu sana, sindano inashuka na kupanda kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

Kisha akavuta droo ya cherehani akatoa daftari la vipimo, gumu, jalada limeshikiliwa kwa utepe wa kushonea. Siyo la siku zile, hilo lilikwisha siku nyingi. Lakini kila anapoanza daftari jipya, ukurasa wa kwanza huandika majina ya watu wake: mama yake, ndugu zake, watoto, na sisi watano wa dawati la nyuma. Kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Mbele ya jina langu palikuwa wazi. Akavua futi iliyokuwa shingoni, akanisimamisha katikati ya baraza, akanipima, akaandika. "Sasa hata ukiwa Dar nakushonea," akasema. Jina la tano halikuwa na vipimo pia, na sote wawili tulijua kwa nini. Nikamwambia ndiko ninakokwenda mchana.

Tulikula kwa mama lishe nyuma ya soko. Mtori. Wapo wanaopika mtori popote siku hizi, lakini mtori wa Moshi una mambo yake: ndizi ni mshare, zinachemshwa pamoja na nyama ya mfupa mpaka zinalainika, nyama inatolewa kando, ndizi zinapondwa kwa mwiko mpaka isibaki hata buje, kisha supu inarudishwa kidogo kidogo. Haupaswi kuwa mwepesi. Fundi alikula haraka akarudi kwenye mashati yake, na mimi sikujaribu kumzuia, kwa sababu tulikubaliana hivyo tangu mwanzo.

Rafiki wa pili ni muuguzi KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambako, kwa hesabu yangu, nusu ya watoto wa mtaa wetu walizaliwa au walitibiwa. Tulionana nje ya geti wakati wa mapumziko yake, tumesimama chini ya mti, yeye na sare yake. Ilikuwa muda mfupi na ulitosha. Alikuwa bingwa wetu wa rede, na bado anatembea vilevile, haraka, mabega mbele. "Kaka, umekuja kuniona mimi hasa au umekuja kutibiwa?" Nikamwambia nimekuja kumwona yeye hasa. Aliniambia amefurahi zaidi kwa sababu sikumwomba abadilishane zamu. Watu wengi wanaomtembelea, alisema, humtaka aache wagonjwa.

Kutoka hapo nilichukua bodaboda kupanda Uru, mlimani juu ya mji.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu asiyeishi Moshi huenda asilijue. Kila Desemba mji ule unabadilika. Wachagga waliotawanyika nchi nzima wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na nyumbani siyo mjini, ni mlimani, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo. Wenyewe husema wanakwenda kuhesabiwa. Sisi watoto wa reli tulikuwa hatuna kihamba. Darasa zima lilipopanda mlimani, tulibaki mjini, na mitaa ilikuwa mitupu. Mwaka mmoja rafiki yangu wa dawati alimwambia mama yake kwamba kuna mwenzake anabaki peke yake. Mama yule alishuka mpaka nyumba za reli, akaomba ruhusa kwa mama yangu, akanichukua. Tangu hapo Krismasi zangu zote za utotoni zilikuwa Uru. Nilifundishwa kukata majani ya ng'ombe, nilifundishwa kutofautisha ndizi za kupika na za kuiva na za pombe, na mbuzi alipochinjwa nilipewa kipande changu kama watoto wengine wa nyumba ile.

Rafiki huyo ndiye jina la tano kwenye daftari. Alipofariki nilikuwa Kigoma kikazi, mvua zimekata barabara, nikazikiwa rafiki bila mimi kuwapo. Nilituma mkono wa pole kwa simu. Mlimani hilo linapokelewa, lakini halimalizi. Mfiwa anataka akuone.

Sikwenda mikono mitupu. Sukari, mchele, majani ya chai, na kitenge, vyote nimenunua sokoni asubuhi na kuviacha kwa fundi mpaka nilipovihitaji. Mama alikuwa kwenye kihamba, ameinama kati ya migomba, panga mkononi. Nilibisha hodi kutoka njiani. Akanyooka, akanitazama kwa muda.

"Ni wewe, mtoto wa reli?"

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Halafu akaanza kulia, na mimi pia.

Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alinishika mkono akanipeleka kaburini kabla ya kunikaribisha ndani, na ninadhani alifanya vizuri, maana bila hivyo tungekaa sebuleni tukilizunguka. Kaburi liko upande wa juu wa nyumba, karibu na la baba yake, limejengwa kwa vigae vyeupe, na pembeni yake yamepandwa masale, yale majani marefu ambayo Mchagga huyatumia kuweka mpaka, kuombea msamaha, na kuwasindikiza wafu wake. Yalikuwa yametunzwa, magugu yamepaliliwa mpaka kwenye ukingo. Mama alisimama pembeni akaongea naye kwa Kichagga, sentensi chache, nikasikia jina langu ndani yake. Kisha akaniambia: "Zungumza naye, mimi nakwenda kuweka chai." Nikazungumza naye. Yale niliyomwambia ni yetu wawili.

Tulipokaa, mazungumzo yalikwenda kwenye kahawa, kama yanavyokwenda mlimani siku zote. Mibuni iliyobaki ni michache, mingi waling'oa wakapanda ndizi na parachichi. Lakini Mama aliniambia kwa fahari kwamba watoto wake wote wanne walisomeshwa kwa kahawa iliyopelekwa chama cha msingi na kupitia KNCU, ule ushirika ulioanzishwa mwaka 1933, na kwamba marehemu mume wake alizitunza stakabadhi zote mpaka alipokufa. Alizitoa nikaziona, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilimwomba ruhusa ya kuzipiga picha kwa ajili ya wajukuu wake walioko mijini, akakubali, nikazipiga moja moja mezani huku yeye akinieleza kila msimu ulilipa nini: huu ada, huu bati, huu ng'ombe. Natamani mtu mwingine mwenye mama au bibi mlimani afanye hivyo mapema, kumbukumbu ingali midomoni mwao.

Hakuniruhusu kuondoka bila kula, wala bila mkungu. Mkungu mzima wa mshare. Nilijaribu kueleza kwamba nasafiri kwa basi usiku ule ule, akasema basi lina buti. "Aika, Mama," nikasema, yaani asante kwa Kichagga, akacheka kwa matamshi yangu, akanisindikiza mpaka njiani.

Jioni nilikuwa mjini, na kwa sababu mabasi ya usiku siku hizi yapo, nilikuwa na saa kadhaa. Fundi alifunga cherehani, muuguzi akatoka zamu, akaja na yule wa nne, anayeendesha bajaji, ambaye alikataa katakata nimlipe nauli. Hatukwenda mbali. Tulikaa kwenye nyama choma ya kawaida, meza ya plastiki, ndizi za kuchoma, soda na bia. Niliwaeleza habari za Uru. Ikaonekana kwamba kila mmoja wao alikuwa akimkumbuka Mama yule, na kila mmoja alikuwa akidhani mwingine humtembelea, kwa kuwa wote wako Moshi. Mwenye bajaji akasema Jumapili moja ya kila mwezi atampandisha yeyote aliye huru, mafuta ni juu yake. Muuguzi akachukua namba ya Mama kwenye simu yangu, maana alikuwa na swali kuhusu dawa zake za presha.

Kabla sijaagana naye Uru, Mama alinipa agizo: Krismasi niwalete mke wangu na watoto, wahesabiwe. Nimeshaomba likizo. Tiketi za Desemba kwenda Moshi huisha mapema kila mwaka, hivyo zetu nitazikata mara tu zitakapoanza kuuzwa.