Kikamera changu cha bei chee

Watu wakikiona hiki kikamera swali ni lile lile, kwani huna simu? Ninayo, tena kwa picha za usiku simu inakiacha mbali sana, hapo sibishi na mtu. Shida ya simu ni kwamba nikiitoa nipige picha, kabla hata sijafika kwenye kamera nshaona meseji, nikajibu, nikachungulia na kitu kingine, na kile nilichotaka kukipiga kishajiondokea zake. Kikamera hakina hayo mambo bana, unakiwasha, lenzi inatoka, unapiga, basi.

Kwenye boksi waliandika megapikseli 16, yaani nukta milioni 16 za picha, kwa herufi za kujaza macho. Ambacho hawaandiki hivyo ni ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na siri yote iko hapo. Kamera nyingi za aina hii sensa yake ni kama milimita 6 kwa 4.6 hivi, ukucha wa kidole cha mwisho unaifunika, wakati zile kubwa za mapro wanazoita fulu fremu ni 36 kwa 24. Piga hesabu ya eneo uone, inazidiwa kama mara 30! Sasa hizo pikseli milioni 16 zimebanana humo kila moja inaambulia mwanga kiduchu, ndo maana ukiingia ndani jioni kamera inapandisha yenyewe ISO, ile namba ya kuongeza nguvu ya mwanga kidogo ilioupata, na picha inajaa chengachenga. Mimi yangu mwisho 400, 800 kwa shida, hiyo 1600 naona waliiweka kujazia menyu tu.

Ila mchana utakipenda. Na huo udogo wa sensa una raha yake ambayo watu hawaisemi, lenzi inakuwa fupi mno (nasema urefu wa fokasi, ile namba ya kwenye lenzi), milimita 4 au 5 tu ikiwa haijavutwa, kwahiyo vitu vingi vinatoka vikali kwa pamoja, vya mbele na vya nyuma, na ukiweka ile alama ya ua, ya kupigia vitu vya karibu, unaweza kusogea mpaka sentimita chache kabisa. Hapo ndo huwa napotelea. Uzi wa shati, mishipa ya jani, sisimizi kabeba kitu kikubwa kuliko yeye, vitu ambavyo nilikua navipita kila siku, sasa nachuchumaa hadi watu wanadhani nimedondosha hela.

Kitu kingine ni uzito wake, si wa kilo, nasema wa kuitika. Ukibonyeza kitufe moja kwa moja hadi chini ndo kwanza kinaanza kutafuta fokasi ili picha itoke kali, mtoto alikua anacheka wewe unaambulia kisogo. Dawa yake ni kubonyeza nusu, kinalia pii, kale kamraba kanakua kijani, alafu unatulia hapo hapo na kidole chako unangoja. Yaani nimekua mtu wa kungoja, nachagua sehemu yenye mwanga mzuri nalenga kabisa, kisha nasubiri mtu apite au paka ageuke, badala ya kukimbizana nao. Na nikianza kulalamika kwamba kinachelewa kuhifadhi picha najikumbusha yule injinia wa Kodak, Steven Sasson, kamera yake ya dijitali ya mwaka 1975 ilikua na uzito wa karibu kilo 4, pikseli kama elfu 10 tu, nyeusi na nyeupe, na kuiandika picha moja kwenye kanda ya kaseti ilichukua sekunde 23. Changu kinanidai uvumilivu kidogo sana.

Zumu ya dijitali nilishaizima kwenye menyu, ile haivuti chochote, inakata katikati ya picha na kuikuza, hata kompyuta itakufanyia baadae. Flashi nayo naiwasha kwa nadra, inafika mita chache tu (wale wanaopiga jukwaa kwa flashi kutoka viti vya nyuma sijui wanammulika nani) na kwa vile imekaa jirani na lenzi mwanga unaingia jichoni unagonga damu kule nyuma ya jicho na kurudi, watu wote macho mekundu.

Betri zake ni zile za saizi ya AA, na hapa usibane matumizi, tafuta zile za kuchaji za NiMH maana alkalini za kawaida zinakata mapema sana, kamera inazima na lenzi iko nje.

Kinachonikera kweli kweli ni kwamba hakina kale kadirisha ka kuchungulia. Jua likiwa kali skrini inakua kama kioo, najiona uso wangu tu, kwahiyo nalenga kwa kukisia, napiga kadhaa mfululizo nikijisogeza huku na huku, na kuchagua nafanya nikifika kivulini.