Mgongo umeshinda

Jana nimeachana rasmi na lile boksi langu la gitaa la besi lenye spika nne za inchi 10. Kilo 40 na ushee! Kila shoo ikiisha, wenzangu wanakunja nyaya wanaondoka, mimi bado nahangaika nalo kwenye ngazi, kona yake ya chuma ikinichubua goti.

Nimechukua dogo la spika moja ya inchi 12, kilo 14 tu. Siri iko kwenye sumaku: neodimiamu badala ya feraiti, ambayo ni nzito zaidi kwa nguvu ileile, halafu na mbao zenyewe nyepesi. Nilikwenda na gitaa langu na amplifaya yangu, maana kujaribu kwa vifaa vya muuzaji ni kujidanganya. Nikapiga uzi wa E, ule wa sauti nzito, bila kubonyeza, taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti ikiwa chini, raha tupu. Nilipopandisha, ule mtikisiko wa kifuani ukapungua. Hapo tusidanganyane, boksi kubwa ni kubwa.

Ni la omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), na amplifaya yangu inahimili kushuka hadi omu 4; mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba yanakuwa omu 4, kwa hiyo naweza kuunga la pili kama hili bila kuiunguza. Mpiga ngoma wetu kalitazama, akauliza: "Hili ndilo boksi, au begi lako la nguo?"