Ujumbe ukifika, nani anainuka? Uzoefu wangu wa kamati ya amani Likoni

Miezi michache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 niliombwa kuwa katibu wa kamati ya amani ya wadi yetu hapa Likoni, Mombasa. Nilipewa daftari, fulana na mafunzo ya nusu siku. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya dalili za hatari: vikaratasi vya vitisho vinavyoangushwa usiku, mpangaji kuambiwa ahame bila sababu, vijana wageni kujazana kwenye nyumba isiyo na familia, msemaji wa mkutano kuanza kuhesabu nani mwenyeji na nani mgeni.

Yote kweli, lakini mtu wa umri wangu Likoni hahitaji kufundishwa hayo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha hapa kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikachukuliwa, kisha nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa na maelfu wakakimbilia kanisani. Vikaratasi vilionekana. Maneno yalizungumzwa. Hata Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini, ilisikia kwamba wakubwa walikuwa wamepata fununu mapema. Basi mwaka ule hatukukosa habari. Tulikosa mtu wa kuifanyia kazi.

Kwa hiyo nikamuuliza mwezeshaji: ujumbe ukifika, nani anainuka? Akanionyesha mchoro ukutani. Mishale ilitoka kwa mwananchi, ikapanda kwa chifu, kwa naibu kamishna, kaunti, mpaka Nairobi. Hakuna hata mmoja ulioshuka.

Sisemi mfumo wa juu hauna maana. Mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya katiba, Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa na washirika wake walianzisha Uwiano, jukwaa la kupokea tahadhari za vurugu, na mtu akawa anaweza kutuma ujumbe bure kwa namba 108. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, ambapo Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu watu 1,133 waliouawa, kitu kama hicho kilihitajika sana. Nairobi wakipata jumbe nyingi kutoka sehemu moja wanajua pa kupeleka nguvu. Lakini vijana wakianza kuokota mawe stejini saa tatu usiku, anayehitajika ni mtu wa kufika pale kwa miguu.

Nikaanza na wanaoona. Sikutafuta viongozi. Nilitafuta muuza maji wa mkokoteni, kwa sababu anajua nyumba ipi imeanza ghafla kununua mitungi mingi. Mama wa mahamri, ambaye saa kumi alfajiri yuko macho na anajua nani anarudi saa hizo. Wanabodaboda, bila shaka. Mlinzi wa ploti. Mnoa visu. Nikahakikisha wamo wapwani na wabara, wa msikitini na wa kanisani, na wa kila upande wa kampeni. Wengi wao wana simu za kabambe, kwa hiyo kundi la WhatsApp nililiacha kwa wanakamati; hawa wa mtaani walinibipu, nami nikawapigia.

Maswali yangu yalikuwa matatu tu. Umeona kwa macho yako au umesikia? Wapi hasa? Lini? Utashangaa ni uvumi kiasi gani unaokufa kwenye swali la kwanza.

Majina sikuandika. Kila mtu nilimpa alama yake kichwani mwangu, kwa kuwa daftari linaweza kuibwa na mtu akaitwa mdaku mtaani kwake. Na kuhusu polisi tulipatana mapema, chifu akiwepo: ugomvi na porojo tunamaliza wenyewe kwa wazee na vijana; silaha na mtu kupigwa vinaenda kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hapo hapo. Mpaka huo ulikuwa lazima. Hapa kwetu wapo wazazi ambao hadi leo wanawatafuta wana wao wanaodaiwa kuchukuliwa na polisi, na mtu hapigi simu kituoni kirahisi hivyo. Bila mpaka huo nisingepata hata ujumbe mmoja. (Afisa mmoja aliyepewa kazi ya kuwa kiungo wetu hakuwa akishika simu baada ya magharibi. Tukatafuta mwingine.)

Daftari lilikuja na safu nne zilizochapishwa: tarehe, mahali, tukio, limepelekwa wapi. Mimi nikachukua rula nikaongeza ya tano: aliyeleta habari amejibiwa? Nitaeleza kwa mfano wa mnoa visu.

Yule mzee hunoa kwa baiskeli aliyoipindua, anakanyaga pedali na jiwe linazunguka. Alasiri moja akanibipu. Nilipompigia akasema, "Mwanangu, kuna kijana kaniletea mapanga, mengi, yote mapya, na anataka yanolewe pande zote mbili." Pande mbili. Panga la shamba hunolewa upande mmoja, hilo kila mtu analijua. Nikamuuliza kijana ni nani, hamjui. Nikamwomba aendelee kunoa polepole, asilete maneno. Nikampigia mwanabodaboda wa karibu na mzee mmoja wa mtaa anayeheshimika na vijana, wakaenda kukaa pale kama wateja. Kijana aliporudi mzee akamsalimia, wakazungumza, ikajulikana ametumwa na fundi anayefyeka kiwanja huko Shika Adabu. Mwanabodaboda akampakia na mapanga yake mpaka kiwanjani, akaona vibarua, akaona kichaka kilichokatwa nusu. Ile ya pande mbili ilikuwa ya kijana mwenyewe, alidhani kazi itaenda haraka.

Kamati nyingine ingeishia hapo. Mimi jioni ile nikaenda kwa mnoa visu kwa miguu, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamweleza kila kitu mpaka rangi ya ua wa kile kiwanja. Akacheka, akasema angejua asingeniharibia muda. Nikamwambia aniharibie tena kesho. Na kweli aliendelea kupiga. Wapo wengine, kwenye wadi za jirani, waliopeleka habari nzito mara ya kwanza, hawakusikia chochote, na mara ya pili wakanyamaza. Mtu anakuambia jambo linaloweza kumgombanisha na jirani, halafu wewe unaenda kimya. Kwa nini akuambie tena?

Wazo hili si langu. Kamati za amani za Kenya chimbuko lake ni Wajir, mwanzoni mwa miaka ya tisini, pale Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walipoona kina mama wa koo mbalimbali wanakatazana kuuza na kununua sokoni. Walianza na soko hilo hilo: wakakubaliana kila mwanamke auze kwa yeyote, wakaweka watu wa kuangalia, na tatizo likitokea wanalifuata siku hiyo. Wazee, vijana na serikali waliletwa baadaye. Sisi wa miji tumechukua jina la kamati na mihuri, lile la kulifuata jambo siku hiyo hiyo tumelisahau kidogo.

Mtihani wetu mkubwa haukuwa siku ya kura. Ulikuwa mkesha wake. Tarehe 8 Agosti mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, Wafula Chebukati, alitangaza kwamba uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na Kakamega umeahirishwa, kwani karatasi za kura zilikuwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wetu. Hebu fikiria: watu wamejiandaa miezi, kisha usiku kucha ni maswali. Haikupita saa nyingi ikaja sauti ya kurekodiwa: kuna gari linavusha kwa feri karatasi za ugavana zilizokwisha kupigwa kura. Rangi ya gari ikatajwa. Stejini watu wakaanza kukusanyika, na wapo waliosema tulifunge njia.

Hapa tulikuwa tumejiandaa. Tulishaomba kila kambi itoe kijana mmoja anayesikilizwa na watu wake, na mapatano yalikuwa kwamba uvumi wowote wa kura wataukagua pamoja, hakuna kwenda peke yake. Wakapanda bodaboda moja, mishikaki, wahasimu wawili wamebanana nyuma ya dereva. Gari walilikuta limeegeshwa upande wetu wa kivuko. Lilikuwa la mikate. Dereva akawafungulia milango, wakaona trei. Wakarekodi sauti moja, huyu anasema nusu yake na yule anamalizia, wakataja majina yao. Ile sauti ilisambaa upesi kuliko ya kwanza, na stejini watu wakaanza kutaniana kuhusu mikate. Ningesema mimi, au chifu, nani angetuamini?

Zikafuata wiki za kuchosha. Kura ya ugavana ikapangiwa tarehe 23, ikasogezwa tena, ikaja kupigwa tarehe 29 Agosti. Katikati, tarehe 15, matokeo ya urais yakatangazwa huku makamishna wanne wa IEBC wakiyakana, kisha kesi ikaenda Mahakama ya Juu mpaka Septemba 5. Mradi uliotupa salio la simu ulikuwa umepangwa kana kwamba uchaguzi ni siku moja, na salio likaisha kabla ya hata magavana kupigiwa kura. Tulichangishana. Ukitaka kuanzisha kitu kama hiki kwenu, bajeti ya simu ipigie hesabu mpaka baada ya hukumu ya mahakama, na fulana zipunguze. Fulana zilituletea maswali zaidi ya faida.

Sasa tunaelekea uchaguzi wa 2027. Mnoa visu bado ananibipu, siku hizi ni kuhusu mipaka ya viwanja na vijana wanaopora simu jioni. Wale wawili wa mishikaki, mmoja amehamia Diani kikazi, na kambi yake haijatoa mwingine. Chifu naye amebadilishwa. Nimeomba miadi na huyu mpya, nataka tukae naye na wenye ploti kuhusu ule mpaka wetu na polisi, kabla misafara ya kampeni haijaanza kupita.