Milioni tatu za dalali wa tenisi

Binamu yangu wa Uyole kanitumia sauti ya WhatsApp: eti kuna dalali hapo Mbeya anataka milioni tatu ili mwanaye apate "ufadhili kamili wa tenisi" Marekani. Chuo chenyewe? Kidogo, daraja la tatu, ndugu kabisa wa hiki ninachofulia jezi. Nimecheka kwa hasira.

Jamani, mimi niko stoo ya michezo ya chuo huku huku Marekani. Hela ya tenisi naiona inavyokosekana.

Vyuo vilivyo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, vina madaraja matatu. La tatu haliruhusiwi kumpa mwanafunzi hata senti kwa sababu ya mchezo. Punguzo la ada lipo, ila ni la ufaulu wa darasani au kipato cha familia. La pili linatoa, lakini kwa timu nzima ya wanaume ukomo ni ufadhili kamili 4.5, wanawake 6, na kocha anazikatakata: huyu nusu, yule robo. Huo "ukamilifu" dalali kautoa wapi?

Hapa kwetu kocha ni mmoja, timu mbili, wanaume na wanawake. Safarini yeye ndiye dereva wa basi dogo. Msaidizi wake analipwa kwa msimu, riziki yake hasa ni kufundisha watoto wa wenye nazo mjini. Mtaalamu wa majeraha tunagawana na michezo mingine yote, na tenisi huwa mwisho wa foleni. Siku ya mechi kuna michezo sita ya mmoja mmoja na mitatu ya wawili wawili. Makopo mapya ya mipira yanafunguliwa, jioni naokota ile iliyochoka naitia kapuni, itatumika mazoezini mpaka iote upara. Kiingilio hakuna. Nani alipe?

Mshahara wa kocha unatoka kwenye ada. Chuo kidogo kinaishi kwa ada, na kila mchezaji anayemleta ni mteja anayelipa, kwa hiyo wakubwa wanamhesabia vichwa kabla ya vikombe. Ndiyo maana atamsifia mwanao hata kama sevu yake haivuki wavu. Safari na jezi mpya ni michango: anawaandikia waliosoma hapa zamani, mmoja mmoja, kama kamati ya harusi. Juzi bibi mmoja aliyechezea timu hii ujanani kalipia safari nzima, halafu akashuka mpaka stoo kunishukuru mimi kwa weupe wa jezi. Mimi! Tulipokwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari kule nyumbani, mfua jezi nani alimkumbuka?

Mnaotaka kuja, njooni na vyeti vizuri vya Form Six, raketi iwe nyongeza. Fomu ya I-20 inatolewa na chuo chenyewe, na imeandika gharama za masomo na nani analipa kipi. Isomeni mstari kwa mstari kabla ya kuuza shamba. Msijidanganye kwamba kibarua kitaziba pengo: mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, muhula ukiendelea, ni saa 20 kwa wiki, tena hapo hapo chuoni.

Binamu keshatoa laki tano ya "usajili", na shangazi anasema nina roho mbaya, sitaki wenzangu wafike. Haya. Nimewatumia barua pepe ya kocha. Hana katibu, anajibu mwenyewe, bure.